Gurudumu la Bwana Harusi

Mama Pacha alikuwa akipiga pasi utepe mweupe wa harusi ya Jumamosi, mkono mmoja kwenye pasi, mwingine kwenye kikombe cha chai, aliposikia watu wakicheka nje ya dirisha. Akaweka kikombe chini. Watu wakicheka asubuhi mapema namna ile karibu na mlango wako, ujue wanacheka kitu chako.

"Mama Pacha!" Ilikuwa sauti ya Jeki, fundi wa matairi wa ng'ambo ya barabara. "Toka uone! Bwana Harusi kafungwa pingu!"

Bwana Harusi lilikuwa gari lao. Mtaa ulilipa jina hilo kwa sababu hakuna harusi ya maana iliyopita pale bila gari hilo kutangulia mbele. Lilikuwa la zamani, rangi ya maziwa, pua ndefu, taa za duara, na bampa za kung'aa ambazo Mama Pacha alizisugua mwenyewe kwa majivu na kitambaa. Baba mkwe wake alilinunua kabla yeye hajazaliwa. Mzee alipofariki lilibaki kwa mwanawe, mume wa Mama Pacha, dereva wa malori ya masafa, ambaye wiki hii alikuwa amekwama mpakani na simu yake haipatikani. Kwa hiyo aliyeliendesha, aliyelikodisha na aliyelitia mafuta alikuwa Mama Pacha. Karo ya mapacha walioko bweni ilitoka humo. Kodi ya nyumba ilitoka humo. Dawa za presha za mama mkwe zilitoka humo.

Alitoka na ndala. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa limeng'atwa na chuma kikubwa cha njano, jino moja ndani, jino moja nje, kufuli katikati. Kwenye kioo palibandikwa karatasi: gari limeegeshwa juu ya mstari wa katazo. Faini isipolipwa kabla ya saa kumi jioni, gari litavutwa na kupelekwa yadi.

"Mstari gani?" aliuliza.

Jeki alimwonyesha kwa kidole cha mguu. Ulikuwa mpya, rangi bado inanuka. Ulitoka kona ya duka la dawa ukaja umenyooka kama uzi, ukafika kwenye tairi la mbele la Bwana Harusi, lililochomoza peke yake kwenye njia yake, ukakoma. Halafu ukaanza tena upande wa pili wa tairi na kuendelea na safari yake. Aliyepaka hakujisumbua hata kidogo. Ubavu wa tairi ulikuwa na busu la brashi, njano juu ya nyeusi.

"Nililiacha hapa jana jioni na mstari haukuwepo."

"Wamepaka usiku. Mimi nimewasikia wanakokota makopo."

"Kwa hiyo gari halikuja kuukuta mstari. Mstari ndio umekuja kulikuta gari."

"Mwambie Kufuli hivyo," alisema Jeki. "Huyo anakuja."

Kufuli alikuwa askari wa maegesho, mwembamba, kofia imemzidi kichwa. Jina lake la kweli hakuna aliyelijua na yeye hakuonekana kulikosa. Alisimama mbali kidogo na gari, kama mtu aliyetega na sasa amekuja kuangalia mtego.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, afande. Umeona mlichokifanya? Tairi langu mmelipaka rangi, kisha mmelifunga kwa kosa la kukaa kwenye rangi."

"Mimi sipaki, mama. Mimi nafunga. Kupaka ni idara nyingine."

"Na idara yako haina macho?"

Kufuli alisogea karibu na kushusha sauti. "Tusifike mbali, mama. Sisi ni watu wazima. Ukinipa ya soda, mimi na wewe tunaelewana hapahapa. Likishaingia yadi, mimi sipo. Na unajua gari la zamani likiingia yadi linavyotoka."

Alijua. Mtaa wote ulijua. Gari la zamani halikutoka yadi. Yalitoka mabati yake, kwa kilo, kwa mnunuzi wa vyuma chakavu ambaye lori lake lilisubiri nyuma ya ukuta.

"Soda ina sukari," alisema Mama Pacha. "Mimi nakwenda ofisini kwenu."

Bibi, mama mkwe wake, alikuwa amesimama mlangoni amejifunga khanga kifuani. "Usitukane mtu huko," alisema.

"Sitatukana, Mama. Nitauliza tu."

"Kuuliza kwako ndiyo kutukana."

*

Ofisi ya maegesho ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la kioo na tundu la kuongelea lililotobolewa chini sana, hivyo kila mwananchi alilazimika kuinama kama anayeomba. Foleni ilifika nje. Ilipofika zamu yake, jua lilikuwa limeshapanda na kiatu kimoja kimeanza kumla kisigino.

"Nimekuja kulipa au kupinga," alisema. "Chochote kitakachotangulia."

Karani, dada wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, alisoma karatasi. "Kulipa hutaweza. Mtandao uko chini."

"Utarudi saa ngapi?"

"Mtandao haunipi ratiba yake, dada yangu."

"Basi wasilivute gari mpaka mtandao urudi."

"Kuvuta hakuhitaji mtandao."

Nyuma yake mtu alicheka, kisha akakumbuka kwamba na yeye yumo kwenye foleni.

"Haya, nataka kupinga. Gari lilikuwepo kabla ya mstari."

"Unaruhusiwa. Lete ushahidi."

"Ushahidi uko chini ya tairi. Chini ya tairi hakuna rangi."

"Umepaona?"

"Nitapaonaje? Tairi limepakalia."

"Basi lisogeze."

"Mmelifunga!"

"Litafunguliwa ukilipa."

"Na kulipa mtandao uko chini."

"Ndiyo," alisema karani, bila ubaya wowote, kama mtu anayekubali kwamba mvua inanyesha. Aliangalia kulia na kushoto, kisha akainamia tundu. "Sikiliza, dada. Picha hatupokei; siku hizi mtu anakuletea picha ya ng'ombe ana mabawa. Lakini mkaguzi anapita mtaa wenu kesho asubuhi. Akikuta pengo kwenye mstari kwa macho yake, faini inafutwa. Akikuta mstari mzima, hakuna kesi. Utaratibu ndio huo."

"Na leo saa kumi?"

"Leo saa kumi watavuta."

Mama Pacha alikunja karatasi yake mara nne. Alitembea kurudi nyumbani, kile kiatu kilichomla kisigino amekishika mkononi. Njiani hakuwaza kuhusu mtandao wala mkaguzi. Aliwaza kuhusu kile chuma. Alikiona tena kichwani, jino la ndani, jino la nje, kufuli. Kilikuwa kimeshika tairi. Hakikuwa kimeshika kitu kingine chochote.

*

"Wamefunga gurudumu," alimwambia Jeki. "Hawajafunga gari. Ling'oe."

Jeki alikuwa anaziba pancha ya pikipiki. Aliinua kichwa taratibu. "Na pingu yake?"

"Na pingu yake. Tunang'oa gurudumu zima, tunaweka la akiba, gari linaondoka. Pengo linabaki."

"Mama Pacha, hiyo ni kesi."

"Soma." Akamfungulia karatasi. "Imeandikwa ni kosa kukata, kuvunja au kufungua kifaa. Hatukati, hatuvunji, hatufungui. Tutakitunza kuliko wenyewe."

Jeki alivuka barabara, akachuchumaa mbele ya gurudumu, akaangalia. Chuma kile kilikuwa na kisahani cha kuziba nati zisifikiwe na spana. Lakini kilitengenezwa kwa magurudumu mafupi ya magari ya siku hizi. Kwenye gurudumu hili refu na jembamba kisahani kilikaa juu, kinaziba hewa. Nati zote tano zilikuwa nje kama meno ya mtu anayecheka.

"Ee," alisema Jeki. "Kweli wazee walijua kuunda vitu."

Alileta spana yake ya magurudumu, akakaza mkono, akasukuma. Nati haikujali. Akapanda juu ya spana kwa miguu miwili, akaruka. Haikujali. Akamimina mafuta ya taa, akasubiri, akavuta sigara nusu. Akaleta bomba refu la chuma, akalivika kwenye spana ili apate nguvu, akakandamiza upande wa kushoto, jinsi anavyofungua nati kila siku ya Mungu tangu aanze kazi. Shingo ilimtoka mishipa.

"Mara ya mwisho lilifunguliwa lini?"

"Muulize mume wangu. Matairi ni kazi yake. Mimi kazi yangu ni usukani."

"Basi aliyefunga alikuwa na hasira na mtu."

Kinyozi wa jirani aliacha kiti chake akaja kutoa ushauri. Muuza mitumba akaja kupinga ushauri wa kinyozi. Wakashika bomba watatu. "Moja, mbili, tatu!" Kitu kikalia kama fupa linalovunjika. Watatu walikwenda chini wamelaliana. Jeki alipoinuka, nati ilikuwa ndani ya spana yake, na ndani ya nati kulikuwa na kipande cha boliti kilichokatika, ncha yake imechomoza.

Gurudumu lilikuwa na boliti nne sasa. Zikikatika mbili zaidi, hata likitoka, jingine halitakuwa na pa kushikia.

"Simameni," alisema Mama Pacha. "Msiguse tena. Nileteeni hicho kipande."

Alikitia mfukoni, akaingia ndani. Alikuwa na hasira, na yeye akiwa na hasira lazima mikono ifanye kitu. Akabandika maji ya chai kwa ajili ya wale wanaume. Moto wa gesi ukawaka rangi ya chungwa, ukatetemeka, ukazima.

"Leo nayo!" alisema.

"Gesi imeisha?" Bibi aliuliza kutoka sebuleni. "Juzi tu umebadilisha."

"Siku hizi wanauza mtungi, Mama. Gesi ni kivuli chake."

Aliburuta mtungi wa pili kutoka uvunguni mwa meza. Ulikuwa na gesi kiasi, aliyoiweka akiba kwa ajili ya mapacha wakirudi likizo. Akachukua spana ndogo, akainamia mtungi uliokwisha, akashika nati inayofunga mpira wa gesi na kuigeuza kulia. Ikalegea. Akaizungusha mara mbili kwa vidole, kisha mkono wake ukasimama wenyewe.

Nati ya mtungi wa gesi hufunguliwa kinyume. Kila mwanamke aliyewahi kuwa na mtungi wa namna ile anajua. Mara ya kwanza unahangaika nao mpaka utokwe machozi, unakaza ukidhani unafungua, mpaka mtu akwambie. Baada ya hapo mkono unajua na kichwa kinasahau.

Alitoa kipande cha boliti mfukoni. Akakishika kando ya mdomo wa mtungi kwenye mwanga wa dirisha. Mifereji ya vyote viwili ilipanda kuelekea upande mmoja. Akavuta droo, akatoa boliti ya kawaida ya mguu wa meza, akailinganisha. Ile ilipanda upande mwingine.

"Mama!" aliita. "Baba alipokuwa anabadilisha tairi la upande wa kushoto, alikuwa anasema nini?"

Bibi alifikiri. "Alikuwa anatukana."

"Mbali na kutukana."

"Alikuwa anasema huu upande wa wanawake, ukiuvuta unakwenda, ukiusukuma unakuja. Nikamnunia siku mbili. Kwa nini?"

Mama Pacha alikuwa ameshatoka.

"Jeki! Kaza!"

"Nini?"

"Nakwambia kaza. Weka bomba upande wa kulia, ukandamize kama unayekaza."

Jeki alimtazama kinyozi, kinyozi akamtazama muuza mitumba. "Mama Pacha, boliti imeshakatika moja. Nikikaza tena..."

"Umekuwa unakaza tangu saa tano. Ndiyo maana imekatika." Akampa kipande. "Tazama mifereji yake. Huu upande wote uko kinyume, kama mtungi wa gesi. Ukikosea, nitasema nilikutuma mimi."

Jeki alikigeuzageuza kipande, akatema mate pembeni, akaweka bomba kulia. Alikandamiza kwa woga. Kisha kwa nguvu. Nati ikapiga kelele kali, mlio mmoja mrefu kama paka aliyekanyagwa, ikaenda.

"Mama yangu!" alisema kinyozi.

Jeki alifungua ya pili, ya tatu, ya nne, bila kumtazama mtu usoni. "Magari yote ninayofungua mimi," alisema mwishowe, "ni ya upande mmoja."

"Najua," alisema Mama Pacha. "Na mimi mitungi yote ninayofungua ni ya upande mwingine. Inua gari."

Likainuliwa kwa jeki. Gurudumu halikutoka. Nati hazipo na bado lilikaa palepale, limegandana na chuma cha katikati kinacholibeba, kutu imekuwa gundi. Jeki alilivuta, akalipiga teke. Akainua nyundo.

"Weka chini," alisema Mama Pacha. "Ukiteleza ukaipiga pingu, hapo ndipo tutakuwa tumeharibu mali ya serikali. Hicho chuma usikiguse hata kwa ulimi."

"Sasa nilipige wapi?"

"Usilipige. Gari lenyewe lina uzito gani?"

Jeki alishusha nyundo. Kisha akaanza kutabasamu, kwa sababu hili alilijua. "Nirudishe nati, nizilegeze kidogo. Nilishushe chini. Tulitikise. Uzito wake wenyewe uikate kutu."

"Sasa unaongea kama fundi."

Saa tisa ilikuwa imeshapita. Gari lilishushwa, nati zimelegea. Kinyozi na muuza mitumba wakashika paa upande mmoja, Jeki na Mama Pacha upande mwingine, wakalisukuma kushoto, kulia, kushoto, kulia. Springi za zamani zikalia. Kutu haikuachia.

"Gari jepesi," alisema Jeki akihema. "Tunahitaji mzigo. Upande wa kushoto."

Wote wanne waligeuka kumtazama Bibi, aliyekuwa ameketi mlangoni anakula njugu.

"Msinitazame hivyo," alisema Bibi.

"Mama..."

"Nimesikia." Aliinuka, akakung'uta khanga, akaja kwa mwendo wake wa kuheshimika. Jeki akamfungulia mlango wa nyuma wa kushoto kama anavyofunguliwa bibi harusi. "Nilipoingia humu mara ya kwanza," Bibi alisema akijipenyeza, "nilikuwa na kilo hamsini na aibu tele. Leo aibu sina."

"Na kilo, Mama, tunazihitaji zote."

"Nilikaa hapahapa. Mume wangu akawa anageuka nyuma kunitazama mpaka akagonga mbuzi. Haya, sukumeni!"

Walisukuma. Bibi, ndani, alishika kiti cha mbele na kujirusha mwili wake wote kila gari lilipoegemea kushoto, huku anahesabu kwa sauti. Watoto waliotoka shule walisimama kushangilia. Kushoto, kulia. Kushoto, kulia. Kisha pakalia mlipuko mmoja mkavu chini ya gari, kama ubao uliovunjwa gotini, na vumbi jekundu la kutu likamwagika juu ya mstari wa njano.

"Limeachia!" Jeki alipiga magoti. "Limeachia! Bibi, usitikise tena, utatuangusha!"

*

Kufuli alitokea kona ya duka la dawa ameketi mbele ya gari la winchi, pembeni ya dereva. Wakati huo Bwana Harusi alikuwa anaingia kwa unyenyekevu kwenye uwanja wa Jeki, ng'ambo ya barabara, gurudumu la akiba limeshikwa na nati nne, Mama Pacha kwenye usukani, Bibi nyuma ameketi wima. Ukutani mwa nyumba yao liliegemezwa gurudumu lenye pingu ya njano.

Kufuli alishuka. Alitazama gurudumu. Akatazama ng'ambo ya barabara.

"Nani amefungua?"

"Hakuna aliyefungua," alisema Mama Pacha, akivuka na funguo mkononi. "Kufuli lako liko kama ulivyoliacha. Litikise."

Alilitikisa. Lilikuwa limefungwa barabara.

"Umeharibu kifaa cha serikali."

"Kitafute mkwaruzo. Ukiupata, nifunge mimi."

Alitafuta kweli, ameinama, kofia ikamwangukia machoni. Dereva wa winchi alitoa kichwa dirishani. "Afande, mimi nivute nini? Siwezi kurudi mtupu. Mafuta yangu yanaulizwa."

"Vuta hicho," alisema Kufuli.

Basi winchi ile kubwa, ya kuinulia malori, ilishusha ndoano yake, ikalishika gurudumu moja kwa chuma chake cha njano, na kuliinua juu. Likaning'inia linazunguka taratibu. Mtaa ulicheka mpaka kinyozi akakaa chini. Mama Pacha hakucheka. Gurudumu lile lilikuwa zima, na magurudumu ya namna ile hayatengenezwi tena. Kuanzia sasa Bwana Harusi angeenda kwenye kila harusi bila la akiba, na boliti nne badala ya tano. Alilisindikiza kwa macho mpaka winchi ilipokata kona.

Kufuli hakuondoka na winchi. Alikuwa anatazama chini.

Pengo lilikuwa pale. Kipande cha lami nyeusi, urefu wa tairi, kingo zake zimekatwa safi kwa rangi pande zote mbili, na ndani yake vumbi la kutu tu. Hata mtoto angelisoma.

"Mkaguzi anakuja kesho asubuhi," alisema Mama Pacha.

"Najua anakuja," alisema Kufuli. Akatoa simu yake, akaenda kuongelea mbali.

Mama Pacha alimtazama mgongo. Kisha akaingia ndani, akatoka na kigoda, akatoka tena na kikapu cha utepe. Aliweka kigoda katikati ya pengo, miguu yote mitatu ndani ya lami nyeusi, akaketi kuelekea barabarani. Akaanza kukunja utepe wa Jumamosi, pindo kwa pindo.

Jua lilikuwa linashuka mtu wa kupaka rangi alipofika. Alikuwa mtu mzima, suruali imetapakaa njano mpaka magotini, kopo mkono mmoja, brashi mwingine. Alisimama mbele ya kigoda.

"Habari za jioni, mama."

"Nzuri. Wewe ndiye uliyepaka huu mstari?"

"Ndiye mimi."

"Uliliona gari?"

"Niliona. Niliambiwa nipake mpaka mwisho wa mtaa na niwe nimemaliza kabla hakujapambazuka. Sikuambiwa niamshe watu."

"Na leo umeambiwa nini?"

Alijikuna sikio kwa mpini wa brashi. Kule kona ya duka la dawa, Kufuli alikuwa ameegemea nguzo, anawatazama. "Nimeambiwa palipobaki, nipake."

"Paka basi."

"Umepakalia, mama."

"Nimepakalia. Na leo nimechoka, siinuki. Nitalala hapahapa kama itabidi."

Bibi alitoka na kiti chake, akakiweka ubavuni mwa kigoda, akaketi kwa kishindo. "Na mimi sijaaga kwenda popote," alisema. Kutoka ng'ambo, Jeki alikuwa anavuka na ndoo aliyoipindua, anatafuta pa kuiweka.

Mtu wa rangi aliwatazama wote watatu. Akachovya brashi, akachuchumaa. Akapitisha rangi juu ya mstari upande wa kushoto mpaka kwenye ukingo wa pengo, akasimamisha brashi pale pale alipoisimamisha usiku ule. Akainuka, akazunguka nyuma ya kigoda, akaanza tena upande wa pili. Kingo zikawa safi kuliko mwanzo. Ungedhani amezipimia rula.

"Vipi huko?" Kufuli alipiga kelele kutoka kona. "Umemaliza?"

"Rangi imekwisha!" alijibu mtu wa rangi.

Akaliinua kopo lake kwa mikono miwili, kwa sababu lilikuwa zito, na alipokuwa anapita karibu na Mama Pacha rangi ikasikika ndani yake inacheza, chubwi, chubwi, chubwi, mpaka mwisho wa mtaa.